Nilimgeuzia Mkwe Kioo

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, pole yako. Nitakukumbusha haraka haraka, maana leo nina mambo mengi mdomoni.

Mimi ni Asnath, binti wa mzee Fransisko wa Kaengesa, dereva wa IST nyeupe hapa Sumbawanga mjini. Abiria wananiita kwa aplikesheni ya simu, na humo najulikana kama Malkia wa Ufipa, jina nililojipa mwenyewe siku moja nikiwa na furaha kupita kiasi.

Nina mchumba, Lugano, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtumishi wa halmashauri. Barua ya posa imeshafika kwa baba yangu, ikapokelewa na kujibiwa. Kilichobaki ni baba yake Lugano, mzee Ebenezer, kuja kutoka Tukuyu kumalizia maneno na wazee wenzake.

Wiki jana nilimpakia mzee mmoja stendi, koti zito, kofia ya pama, sura sikuitilia maanani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa siti ya nyuma. Tulipotoka tu getini akapiga simu: "Lugano mwanangu, nimeshafika. Niko kwenye teksi."

Hapo ndipo nilipowaacha, roho juu, na baba mkwe mgongoni.

Sasa sikilizeni.

Kwao Lugano, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hilo nilifundishwa na shangazi yake Lugano, shangazi Tusekile, anayeuza mchele wa Kyela pale sokoni. Alinifundisha huku anapepeta, bila kuinua macho.

"Hutamtazama usoni. Jina lake hulitaji. Ukimwona anakuja njiani, unapinda kona. Na hamkai chini ya paa moja."

"Hata siku hizi, shangazi?"

"Siku hizi zipi? Wewe siku hizi zako umezitoa wapi?"

"Na mvua ikinyesha?"

"Unalowa."

Basi nikawaza: paa moja! Na IST ina nini juu kama si paa? Ni nyumba ya bati yenye matairi. Tulikuwa chini ya paa moja tangu stendi, mimi na baba yake Lugano, tunapita mjini mchana kweupe.

Mwenye akili zake angesimama na kusema gari limeharibika. Mimi niliogopa kwamba nikisimama ataniuliza, akiniuliza nitamjibu, nikimjibu nitageuka. Kwa hiyo nikavuta mtandio mpaka kwenye nyusi, nikainua mkono, nikakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama juu. Halafu, Mungu anisamehe, nikatoa kichwa nje ya dirisha, ili angalau kichwa kisiwe chini ya paa.

Upepo wa Sumbawanga mnaujua. Masikio yangu yalikuwa kama si yangu.

"Binti," mzee akasema, "kuna nini huko nje?"

"Napunga hewa, baba."

"Humu ndani hewa haipo?"

"Ya huku ni mbichi zaidi."

Akanyamaza. Nikamshukuru Mungu. Tukaenda hivyo hivyo, kichwa changu kikipepea kama bendera ya shule, mpaka mtaa wa Katandala. Bodaboda mmoja akanipita, akapunguza mwendo, akaniuliza, "Dada, unatapika?" Nikamwonyesha ishara aende zake.

Ndipo mzee akasema maneno yaliyoniponza.

"Binti, nadhani tumepitiliza. Mwanangu alisema geti la bluu. Rudi nyuma kidogo."

Kurudi nyuma! Dereva anarudi nyuma kwa kutazama kioo, au kwa kugeuza shingo. Kioo kilikuwa kinahesabu mabati. Shingo nikiigeuza, uso kwa uso na mzee, na harusi imekwisha hapo hapo.

Vioo vya pembeni? Najua mnaniuliza. Trafiki aliniuliza, fundi aliniuliza, hata padri aliniuliza. Jamani, nilivisahau. Siku ile kwangu vilikuwa havijawahi kuumbwa.

Nikaweka rivasi. Nikasema moyoni, "Mama Maria, nitazamie huko nyuma." Nikakanyaga mafuta.

Puuu!

Nyuma lilikuwa limesimama guta, lile la mizigo la matairi matatu, la muuza samaki mmoja, Vicent, limesheheni makreti ya migebuka mikavu iliyopanda kutoka ziwani Kasanga. Kioo cha nyuma kikamwagika chote. Kreti moja ikaingia ndani bila hodi, ikatua begani kwa baba mkwe.

"Baba! Umeumia?" nikapiga kelele, macho yangu bado mbele kama mwanajeshi wa gwaride.

"Sijui, binti. Kuna samaki kwenye koti langu."

Watu wakajaa. Vicent mwenyewe akaja dirishani, mikono kichwani.

"Dada, nimepiga honi! Nimepiga kelele! Nimepiga mpaka mluzi! Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naheshimu."

"Unaheshimu nini?"

Trafiki akaja, akapima barabara, akaandika. Mzee akapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali, na ile bajaji niliipenda kuliko gari lolote duniani, kwa sababu iliondoka na paa lake.

Nikampigia Lugano.

"Lugano, nimegonga."

"Umegonga nini?"

"Samaki."

"Samaki? Kwani uko ziwani?"

"Na baba yako."

Nilisikia mtu ofisini kwao akicheka jambo jingine kabisa.

"Anajua ni wewe?" Lugano akauliza kwa sauti ya chini.

"Hajui. Anajua ni Malkia wa Ufipa."

"Basi endelea kuwa Malkia. Usimwambie mtu."

Hospitali wakasema mtulinga, ule mfupa wa bega, umevunjika na vipande vimepishana. Mzee apelekwe Mbeya akapasuliwe, awekewe chuma. Shangazi Tusekile alipopata habari alikaa chini kwenye gunia la mchele, akanitazama kuanzia viatu.

"Umekaa naye paa moja. Umemvunja. Umemjaza samaki. We binti, kuna kitu umebakiza?"

"Sikumtazama, shangazi."

"Ee. Hilo umeshinda."

Halafu akaangua kicheko, na mimi nikaangua, tukacheka mpaka wateja wakaanza kujipimia mchele wenyewe. Nawaambia kweli, wiki hiyo yote nilikuwa kama mlevi. Jambo la kulia nilikuwa nalichekea. Mama yangu huko Kaengesa husema mtu wa namna hiyo amepigwa na jua la mchana.

Nilikuwa na sababu ya kucheka. IST yangu ina bima kubwa, tena ya biashara. Niliikata mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na sasa ilikuwa imefika zamu yake ya kunibeba. Mzee atapasuliwa Mbeya kwa bima, samaki watalipwa kwa bima, kioo kitawekwa kwa bima, na mimi nitaolewa kwa shangwe.

Basi akaja mkaguzi wa bima kutoka Mbeya. Anaitwa Raymond. Mwembamba, tai imenyooka, mpole, mwenye tabia ya kutabasamu kabla hujamaliza uongo wako. Tulikutana gereji, gari likiwa bado linanuka Ziwa Tanganyika.

"Dada Asnath, aplikesheni ilikuwa imewashwa?"

"Ilikuwa."

"Safari yenu tumeiona mpaka ofisini, kuanzia stendi. Safi sana. Wenzako huzima wakaelewana na abiria pembeni, wakigonga wanakuja kulia kwetu. Ukizima, kwetu huna abiria."

"Mimi sizimi," nikasema, nikajiona msomi.

"Samaki wa yule bwana watalipwa, hilo halina mjadala. Sasa mtulinga wa mzee. Nani alikuwa na kosa?"

"Guta lilisimama nyuma yangu."

"Ulitaka lisimame wapi, dada? Juu?"

Akavuta kiti cha fundi, akakaa karibu, akanieleza taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Abiria wako analipwa kama ameumia kwa kosa la dereva. Kama dereva huna kosa, kampuni haina cha kulipa."

"Kumbe nikiwa na kosa ndiyo mnalipa?"

"Ndiyo."

"Basi nimekosa! Nimekosa mimi! Nimekosa sana!" Nikajipiga kifua kama niko misani.

Raymond akaruka kutoka kwenye kiti. "Usikiri! Usikiri, dada! Mkataba unakataza dereva kukiri kosa bila ruhusa ya kampuni. Ukikiri, unaharibu."

"Kwa hiyo niwe nimekosa, ila nisiseme."

"Hapo umeelewa."

Jamani! Fundi aliyekuwa chini ya gari akatoa kichwa akasema, "Dada, hiyo si bima, hiyo ni ndoa yangu." Tukacheka wote watatu, na Raymond akafuta macho kwa tai yake. Nikajua huyu ni mtu mwema, tutamalizana leo leo.

"Swali la mwisho," akasema, bado anacheka. "Yule mzee si ndugu yako? Si mkwe wako?"

Kicheko changu kikabaki mdomoni, hakina pa kwenda.

"Kwa nini unauliza?"

"Kuna kipengele. Watu walikuwa wanawapakia wajomba zao, wanaenda kugonga mti kwa adabu, halafu wanakuja kudai. Kampuni ikachoka. Sasa ndugu wa dereva halipwi. Mume, mke, mzazi, mkwe, hao wote hawalipwi."

"Hata kama ni uchumba tu?"

"Barua ya posa ikishapokelewa, sisi tunahesabu ni wakwe."

"Yule mzee? Aka! Simjui kabisa. Nimempata stendi kama abiria yeyote."

Raymond akatikisa kichwa, akaingia kwenye gari, akakaa siti ya dereva. Akainua macho. Akakigusa kile kioo kwa kidole kimoja.

"Hiki kilitazama juu kabla ya kugonga, au baada?"

"Kilishtuka."

"Kioo kinashtuka?"

"Kishindo kilikuwa kikubwa."

Akatabasamu lile tabasamu lake. "Dada, mama yangu ni Mnyakyusa wa Kyela. Siku moja alikuwa kwenye basi, akapanda babu yangu mzaa baba. Mama akashuka pale pale, akatembea mpaka nyumbani na mzigo kichwani, na nauli alikuwa ameshalipa. Kioo cha namna hii nakifahamu."

Nikajidai nakung'uta vumbi kwenye mtandio.

"Sitaki kukuonea," akaendelea. "Kesho nitakuja anapokaa mzee. Na wewe uje. Kama humjui, utaingia, utamtazama usoni kama dereva yeyote anavyomtazama abiria wake, utampa pole, na mimi nitaandika abiria, mzee aende Mbeya akatibiwe. Mimi sina neno jingine."

Niwaambie ukweli wa moyo wangu. Nampenda Lugano. Nampenda anavyonipigia simu kuniuliza nimekula nini, halafu na yeye anakwenda kula hicho hicho. Nilitaka mambo mawili tu: mzee apone kwa mkono wa bima, na mimi niolewe na mwanawe. Raymond alikuwa amekuja kuniambia nichague moja. Bima ikikataa, itabidi niuze IST nimtibu mzee, na bila IST mimi ni nani mjini hapa? Nikimtazama, bima inalipa, na kwa watu wa Lugano mimi ni binti asiye na haya, aliyemkodolea macho baba mkwe mbele ya mgeni.

Jioni tukakaa kikao kwa shangazi Tusekile, kwenye nyumba yenye lile geti la bluu. Mzee alikuwa amelala chumba cha ndani, kwa hiyo mimi kikao nilihudhuria uani, karibu na banda la kuku.

"Amtazame mara moja tu, haraka," akasema Lugano kupitia dirishani. "Kama kupepesa."

"Akimtazama, mimi harusini siji," akasema shangazi. "Na pilau sipiki."

"Asipomtazama, bima hakuna."

"Bima yenu imekuja duniani jana. Heshima wazee wangu waliikuta."

"Na mtulinga wa baba?"

Shangazi alimpenda kaka yake. Alikuwa akimlisha uji kwa kijiko tangu alipotoka hospitali, na kila mzee akimeza vibaya, yeye alikuwa analia.

"Basi aseme ana mafua," akasema mwishowe. "Mtu wa mafua haingii kwa mgonjwa. Atajibu akiwa nje."

Tukaona ni hekima kubwa. Ndivyo furaha inavyoharibu akili, wasomaji wangu.

Kesho yake Raymond akafika. Mzee akaketishwa sebuleni, mkono umefungwa kifuani, kofia yake ya pama kichwani. Lugano upande mmoja, shangazi upande mwingine. Raymond akaweka kiti mlangoni ili aone ndani na nje. Mimi nilikuwa nje juani, nimekalia ndoo chini ya dirisha, maana hata baraza ina paa.

"Dada Asnath, karibu ndani."

"Nina mafua, bwana mkaguzi."

"Mbona hupigi chafya?"

"Chyaa!" nikapiga. Kuku wakatawanyika.

Raymond akakohoa kuficha kicheko. Kisha akageukia ndani, sauti ikawa ya kazi.

"Mzee wangu, yule dereva aliyeko nje, unamjua?"

Nilisikia Lugano akihama kwenye kiti.

"Namjua," mzee akasema. "Nimemjua tangu alipogeuza kioo."

Mimi ndoo ikaniyumba.

"Nimepanda magari tangu ujana wangu. Madereva wamenitukana, wamenizungusha, wamenisahau njiani. Hakuna aliyewahi kuninyima macho kwa heshima. Nikajiuliza, binti wa Kifipa anitolee heshima ya kwetu, huyu atakuwa nani kwangu? Nikapata jibu. Alipoweka rivasi nikavuta kofia usoni, ili akigeuka na mimi nisimwone. Ndiyo maana lile guta sikuliona. Ningeliona ningepiga kelele."

Mungu wangu! Kumbe tulikuwa wawili! Gari lilikuwa linarudi nyuma, dereva haoni kwa heshima, abiria haoni kwa heshima! Nikaziba mdomo kwa mtandio, machozi ya furaha yakanitoka. Mzee alikuwa amenijua, na alikuwa amenikubali tangu barabarani. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale kwenye ndoo.

Halafu nikamsikia Raymond akisema polepole, "Kwa hiyo ni mkwe wako."

Vigelegele vikarudi tumboni.

"Ngoja kwanza, kijana," mzee akasema. "Nikisema ni mkwe, sitibiwi?"

"Kampuni haitalipa, mzee."

"Na binti atauza gari lake ili anitibu mimi?"

"Hilo ni lenu. Ila ndivyo inavyokwenda."

"Na nikisema si mkwe, nimesema uongo."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ni mzee wa kanisa. Uongo siwezi." Akashusha pumzi. "Basi acha niufanye uwe kweli."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Mzee Ebenezer alikuwa anasimama, mtulinga na yote. Akatoa sauti ile ya kusomea matangazo ya kanisani, sauti inayofika mpaka kwa waliochelewa.

"Mbele ya dada yangu Tusekile, na mbele ya huyu mgeni, mimi naivunja posa ya mwanangu Lugano kwa binti wa mzee Fransisko! Kuanzia sasa si mkwe wangu! Andika: abiria!"

Shangazi akapiga yowe. Lugano akasema, "Baba!"

"Nyamaza," mzee akamnong'oneza, nami chini ya dirisha nilimsikia vizuri. "Akishaandika, tunaposa upya."

Nilibaki mdomo wazi. Jamani, akili ile! Ningekuwa na uwezo ningembusu mkono kwa mbali.

Lakini Raymond alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, mzee wangu. Bima inaangalia siku ya ajali. Siku ya ajali alikuwa mkwe. Hata ukivunja leo mara mia, hujabadilisha kitu."

"Kwa hiyo nimeivunja bure?"

"Bure kabisa, mzee."

Nikacheka. Naapa nilicheka, kile kicheko cha mtu aliyeishiwa. Nikacheka nimeinama, mikono magotini, na nilipoinua kichwa nikaona miguu ya mtu getini. Viatu vya Jumapili.

Ni baba yangu.

Mzee Fransisko, suti yake ya kahawia, jogoo kwapani. Nyuma yake mama yangu, Hilaria, na debe la maharage kichwani. Walikuwa wametoka Kaengesa kuja kumpa pole mkwe wao, kama watu waungwana wanavyofanya. Walikuwa wamesimama hapo getini tangu ile sauti ya matangazo.

"Baba, shikamoo! Baba, sikiliza, si hivyo..."

"Marahaba. Nimesikia."

"Ni mambo ya bima, baba!"

"Bima ilikuja lini kwangu kukuposa?"

"Baba, anaivunja kidogo tu, halafu anaposa tena!"

Baba akanitazama kwa huruma, nikaona anadhani ajali imenigusa kichwa.

"Mtu amesimama ndani, amevunja, na jina langu amelitaja mbele ya wageni. Sisi hatumsukumi binti yetu kwa watu." Akamrudisha jogoo kwapani vizuri. "Mama Asnath, tuondoke."

"Baba Asnath, tumsikilize mtoto," mama akasema.

"Tumeshasikia."

Hapo, wasomaji wangu, ile furaha yote ikageuka hasira. Mbele yangu baba anaondoka, nyuma yangu mzee amenivunja, na mkaguzi haandiki. Nikasema: nimevunjwa? Vizuri! Asiye mkwe wa mtu anaingia nyumba yoyote anayotaka.

Nikaipiga ndoo teke, nikapanda baraza.

"Asnath, usiingie!" Shangazi akaja mbio kunizuia. "Paa!"

"Paa la nani, shangazi? Mimi si wa hapa tena!"

Nikampita. Nikampita Raymond mlangoni. Nikasimama katikati ya sebule, nikainua macho kwa mara ya kwanza, nikalitaja jina ambalo nilikatazwa kulitaja.

"Mzee Ebenezer! Nitazame, uniambie usoni kwamba mimi si mkwe wako!"

Mzee alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akajipindua kwenye kiti, na ule mtulinga wake uliovunjika, akapiga kelele ya maumivu iliyonichoma mpaka kwenye mifupa yangu. Hakuacha. Akageuka mpaka paji la uso likagusa ukuta, akavuta kofia kwa mkono mzima, akabaki hivyo anatetemeka.

"Toka, mwanangu," akasema akiwa ukutani. "Toka, usinione. Mkwe wangu, nakuomba toka."

Niliona kisogo chake tu na kola ya koti, na nikajua kwamba mtu huyu hakuvunja posa wala nini. Mdomo wake ulivunja, mwili wake ulikataa. Nikalia kwa sauti, sikuona aibu, nikatoka kinyumenyume na mikono usoni.

"Umeona!" Lugano alikuwa analia na kucheka pamoja. "Bado ni mkwe wake! Umeona?"

Raymond alikuwa amesimama. Alifunika kalamu yake taratibu, na safari hii hakutabasamu.

"Nimeona," akasema. "Na mimi nina kiapo cha kazi. Jibu langu nimelipata: nitaandika mkwe."

Mimi nilikuwa nimeshamkumbuka baba.

"Baba!" Nikakimbia uani, nikakimbia mpaka getini. "Baba, rudi! Rudi uone mwenyewe!"

Gari la Kaengesa lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, injini inanguruma. Mama alikuwa ameshapanda, uso wake dirishani unanitafuta. Baba alimpitisha jogoo mlangoni, akapanda, kondakta akagonga bodi, gari likaondoka. Alichokisikia alikuwa amekisikia. Nilichokiona mimi ukutani, yeye hakukiona.